Kutia nyumba vyombo kwa bidhaa za kwetu: mwongozo wa mnunuzi wa Lamu

Binti wa kaka yangu alipoposwa, kazi ya kununua vyombo vya nyumba iliniangukia mimi shangazi yake. Sharti lake lilikuwa moja: kila kinachowezekana kiwe kimetengenezwa Kenya. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Natembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kutoka mtaa wa Langoni mpaka Mkomani, nauliza, nalipa, punda anabeba. Ikachukua miezi minne, na nusu ya muda huo niliupoteza kwa kutojua pa kutazama. Hapa naandika kwa mpangilio ambao ningeufuata leo kama ningeanza upya.

Anza kwa kubadilisha swali

Kila duka nilikuwa nauliza, "Hii imetoka wapi?" Muuzaji ananitazama usoni kwanza ajue ni jibu gani nalitaka, kisha ananipa hilo hilo. Na wakati mwingine hasemi uongo. Bidhaa yaweza "kutoka Mombasa" kwa maana ya kwamba ilishushwa Kilindini.

Siku hizi nauliza hivi: "Hapa kwetu imefanyiwa kazi gani?"

Tazama mifano miwili. Mafuta ya kupikia ya kopo yanasafishwa na kutiwa koponi papa hapa Pwani, na kiwanda kinaajiri watu wetu, lakini mafuta ghafi ya mawese mengi huja kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Kofia ya vito nayo, ile inayoshonwa kwa mkono hapa Lamu na Siyu, bafta yake, yaani kitambaa cheupe cha pamba, na uzi wake aghalabu ni vya kutoka nje. Je, kofia si ya kwetu? Bafta na uzi ni shilingi chache. Kinacholipiwa ni miezi ya mtu aliyekaa barazani na sindano. Kwa hiyo usihangaike sana na asili ya kila uzi. Tafuta kazi kubwa ilifanyika wapi, maana pesa nyingi hubaki palipofanyika kazi.

Chukua karatasi, andika vyote unavyohitaji, kisha uvigawe mafungu manne. La kwanza, vinavyotengenezwa na mafundi wa visiwa hivi na bara yake. La pili, vya viwanda vya Kenya. La tatu, vya majirani wa Afrika Mashariki. Sisi ni umoja wa forodha tangu 2005, na leso iliyochapwa Dar es Salaam mimi siihesabu kuwa ya ugenini, ingawa wapo watakaonipinga. La nne ni vile utakavyonunua vya nje bila kujilaumu: friji, feni, simu, taa. Katika karatasi yangu fungu la nne lilikuwa na vitu sita tu, jambo lililonishangaza mwenyewe.

Soma pakiti kabla ya kusoma bei

Kwa bidhaa za dukani, pakiti ina maelezo mengi kuliko muuzaji. Igeuze, utafute maandishi madogo. "Made in Kenya" au "Manufactured by" likifuatwa na jina la kampuni na sanduku la posta la hapa ni dalili nzuri. "Packed by" maana yake ni kwamba hapa ilitiwa pakitini tu. "Distributed by" na "Marketed by" hazisemi lolote kuhusu ilikotengenezwa, hata jina linalofuata likiwa la Kiswahili na bendera ya Kenya ikiwa imechorwa ubavuni. Bendera kwenye pakiti ni rangi tu.

Kisha tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Bidhaa iliyotengenezwa nchini hubeba alama yenye herufi S, na chini yake namba ya kibali. Bidhaa ya kutoka nje hubandikwa stika ya ISM, alama ya ubora ya bidhaa zilizoingizwa. Kwa hiyo ukiona ISM, mjadala umekwisha: hiyo imeingizwa, hata muuzaji aape.

Alama ya S nayo huigizwa. Kuihakiki ni rahisi: fungua ujumbe wa simu, andika SM, kisha alama ya reli, kisha namba ya kibali, bila nafasi katikati, mathalani SM#12345. Tuma kwenda 20023. Jibu linakuja na jina la bidhaa na la kampuni. Linganisha na ulichoshika mkononi. Mimi nilifanya hivyo mbele ya muuzaji mmoja wa sabuni, na namba ikarudi na bidhaa isiyohusiana kabisa na sabuni. Hatukugombana. Niliirudisha rafuni, nikanunua nyingine.

Kuna watu watakuambia utazame tarakimu za mwanzo za msimbo wa mistari: 616 ni Kenya, 620 Tanzania, 890 India, 690 mpaka 699 China. Tarakimu hizo ni za kweli, lakini zinaonyesha nchi ambako kampuni ilisajili namba yake. Mfanyabiashara wa Nairobi anayeleta vikombe kutoka China anaweza kuvipa namba ya 616 kihalali kabisa. Ichukue kama fununu tu.

Kitanda: hapa ndipo usiharakishe

Kitanda ndicho kitu kikubwa cha nyumba, na ndicho kilichonifundisha zaidi, kwa hasara. Fundi wa kwanza nilimpa pesa zote siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa na ulimi mtamu na mimi nilikuwa na haraka. Wiki sita baadaye karakanani kulikuwa na matendegu mawili, yaani miguu miwili ya kitanda, na maneno mengi. Pesa nilirudishiwa, nusu nusu, na nilianza upya kwa fundi mwingine.

Usitafute fundi madukani. Ingia nyumba za jamaa zako, tafuta kitanda kilicholaliwa miaka kumi na bado hakilii, uulize nani alikitengeneza. Hiyo ndiyo barua ya sifa.

Ukimpata, omba kuiona mbao kabla ya kutoa arbuni. Mbambakofi ni mzito, hudumu, na bei yake inalingana na sifa zake. Mvule ni mzuri na unachongeka. Mwembe ni rahisi, na mafundi wengi siku hizi wanautumia. Si mbaya, ila usipokaushwa na kutiwa dawa vizuri huliwa na fukusi, na utaamka asubuhi ukute unga laini sakafuni chini ya tendegu. Inua kipande. Mbao mbichi ni nzito kupita umbo lake, na ni baridi ukiigusa kwa shavu. Nilimuuliza fundi wa pili, "Fundi, hizi zimekauka?" Hakunijibu kwa maneno. Alichukua randa, akapitisha mara moja, akanipa ule ukunjo wa mbao mkononi. Ulikatika kama papa wa kuchoma. Nikaridhika.

Kisha tazama viungo. Mfumbati, ule mti wa ubavuni, uingie kwenye tendegu kwa ulimi na tundu, ulimi ukiwa mnene na tundu likiwa halina nafasi ya kupitisha hata kadi ya simu. Ukiona misumari ndiyo inayoshika kazi, au gundi imefurika pembeni, ondoka. Kama unataka kitanda cha kamba, uliza ni kamba ya nini. Ya makumbi ya nazi hukwaruza mwanzoni lakini inapitisha hewa, na usiku wa kaskazi utashukuru. Ya nailoni hung'aa, huteleza, na si ya kwetu.

Malipo yawe mafungu matatu: la kwanza la mbao, la pili ukishaona fremu imesimama, la tatu kikiwa chumbani kwako. Tuma kwa M-Pesa hata kama fundi ni jirani, ili kila mtu awe na kumbukumbu. Andikeni urefu, upana, aina ya mbao na tarehe, kila mmoja aweke saini. Wazee wengine wataona ni kutoaminiana. Fundi wangu wa pili ndiye aliyeleta kalamu.

Na bei? Utaambiwa kitanda cha dukani, cha kutoka nje, ni rahisi zaidi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipandisha ushuru wa forodha kwa bidhaa kama samani za kutoka nje hadi asilimia 35 kuanzia Julai 1, 2022. Ikiwa baada ya ushuru huo, meli, lori mpaka gati ya Mokowe ng'ambo ya bara, boti na punda bado ni rahisi, jiulize kimetengenezwa kwa kitu gani. Mara nyingi ni unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi na kuvikwa karatasi ya rangi ya mbao. Nairobi kitu hicho hudumu. Kwa unyevu wa bahari yetu kinafura kama mkate kwenye chai. Kitanda cha Langoni kinatoka karakana hadi chumbani kwa mzigo wa punda mmoja, na mfumbati ukivunjika aliyeutengeneza yuko mtaa wa pili.

Mkeka

Mikeka ya plastiki imejaa kila mahali, ina rangi za kupendeza na ni mepesi. Ya kwetu inasukwa kwa ukindu au miyaa, majani makavu ya mitende ya porini na mikoma, Matondoni na vijiji vya Pate, kazi ya wanawake zaidi. Jifunze kuutazama upande wa chini, maana upande wa juu kila mtu anajua kuupamba.

Ugeuze. Mkeka ni ukili uliosukwa kwa kipande chembamba kirefu, kisha ukashonwa ubavu kwa ubavu. Fuata mshono mmoja kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Mshono mzuri hauonekani lakini unahisika, na hauna mahali unapoweza kuingiza ncha ya ukucha. Kama umetiwa rangi, lowesha pembe ya leso, usugue sehemu nyekundu au ya zambarau. Rangi ikija kwenye leso, itakuja pia kwenye kanzu ya mgeni wako. Mwisho uunuse: harufu ya nyasi kavu ni sawa, harufu ya uvundo ni ukindu uliokunjwa kabla ya kukauka.

Agiza moja kwa moja kwa msukaji ukiweza, kwa vipimo vya chumba chako. Mimi niliagiza mitatu na msala mmoja. Mpe nafasi ya mwezi au miwili. Ukindu lazima ukatwe, uanikwe, uchanwe, ndipo usukwe, na msukaji ana watoto na chungu jikoni kama wewe.

Kofia ya bwana harusi

Hapa udanganyifu ni mwingi kuliko pote, kwa sababu kofia ya mashine na ya mkono zikikaa rafu moja zinafanana kwa mbali. Zitenganishe hivi.

Igeuze ndani nje. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, ule wa juu na ule wa bobini, kwa hiyo ndani utaona mstari ulionyooka, sawasawa, usiokatika. Mkono huacha upande wa ndani nadhifu lakini wenye uhai: hatua moja ndefu kidogo, nyingine fupi kidogo, na vifundo vilivyofichwa. Kisha inyanyue kwenye mwanga. Vitobo vya kofia ya vito kila kimoja kimezungushiwa uzi ukingoni, na mwanga unapita ukiwa umekatika kama tundu la sindano. Kwenye ya mashine nyingi tundu limechoreka tu, au lina nyuzi za kitambaa zinazoning'inia katikati.

Uliza jina la ua au nakshi yake. Mshonaji, au muuzaji anayenunua kwa mshonaji, atalitaja bila kufikiri. Asiyejua atakuambia "ni ya kisasa."

Na usipunguze bei mpaka ukamuumiza mtu. Gawa bei uliyotajiwa kwa miezi ya kazi, uone inampa shilingi ngapi kwa siku. Mimi nilifanya hesabu hiyo kimoyomoyo, nikafunga mdomo wangu, nikalipa. Kama uwezo haufiki, nunua ya nakshi chache iliyoshonwa kwa mkono. Ni halali zaidi kuliko ya mashine inayojifanya.

Leso na nguo

Nitasema jambo ambalo baadhi ya shoga zangu hawalipendi: leso yenye jina la mfanyabiashara wa Mombasa si lazima iwe imechapwa Kenya. Nyingi huchapwa India kwa oda. Mchoro ni wetu, jina ni letu, mapenzi ni yetu, kiwanda si chetu. Kunja pindo usome maandishi madogo kandokando, karibu na namba ya mchoro. Mara nyingi nchi imetajwa hapo.

Vitambaa bado vinafumwa nchini. Thika kuna kiwanda, na kile cha Rivatex cha Eldoret kilifunguliwa upya mwaka 2019 baada ya kukarabatiwa. Ila kuvipata madukani Lamu ni kazi; nililazimika kumtuma mpwa wangu Mombasa. Ukishika kitambaa, sugua pembe kati ya vidole: unga mweupe ukidondoka, hiyo ni kanji, na leso ikifuliwa mara ya kwanza itabaki kama wavu. Chomoa uzi mmoja ukingoni uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu. Ukiyeyuka na kuwa ushanga mgumu, ni plastiki.

Jikoni, na onyo moja

Jikoni ni rahisi kuliko unavyodhani. Seredani na majiko ya bati yenye udongo ndani hutengenezwa na mafundi wetu nchi nzima. Chungu cha udongo kigonge kwa kifundo cha kidole: kikilia kama kengele ni kizima, kikisema "pu" kina ufa usiouona. Kwa mbuzi ya kukunia nazi, mwiko, kinu na mchi, ukikuta vya kutoka nje tafadhali niambie, nitafurahi kuviona.

Sufuria ndizo zinazotaka akili. Zile za kiwandani zenye alama ya S nunua bila shaka. Zile nzito za kumiminwa, zinazoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu, zina mvuto wake na ni kazi ya watu wetu, lakini chakavu huchanganyika, na risasi, ile metali yenye sumu, yaweza kuwemo ndani na kutoka kidogokidogo kwenye chakula, hasa chenye ukwaju, ndimu au nyanya. Mimi hiyo moja niliiweka ya kuchemshia maji ya kuoga. Kununua vya kwetu hakumaanishi kumlisha bibi harusi risasi.

Vya chakula nitavipitia upesi. Chumvi huna haja ya kuuliza sana: ukitoka Malindi kuelekea Garsen unapita maeneo ya mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, maji ya bahari hii hii yakikaushwa kwa jua hili hili, halafu kuna maduka yanayouza chumvi ya waridi kutoka Pakistan kwa bei ya dhahabu. Mchele ni mgumu, kwa kuwa Kenya huagiza sehemu kubwa ya mchele wake. Pishori ya Mwea hunukia ikiwa bado mbichi mkononi, na iliyochanganywa hunukia nusu. Mafuta: nunua ya nazi, na uto wa simsim kwa anayejua kuukamua. Godoro la sponji kwa kawaida ni la Kenya, kwa sababu hakuna anayetaka kulipia meli ibebe hewa, ila mto wa sufi unashinda wa sponji kila usiku. Ndara za mpira zipo za Mombasa, makubadhi ya ngozi yapo ya Siyu.

Ukiuziwa kibovu

Usinyamaze kwa sababu ni cha ndugu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini kwa mtaa wetu njia fupi ni risiti. Idai hata kwa kitu cha shilingi mia mbili. Mimi niliziweka zote kwenye kopo la biskuti, na mara mbili kopo hilo lilinisaidia. Muuzaji mmoja wa makamo alipoiona risiti yake alisema, "Haya mama, kumbe tunajuana," akabadilisha ndoo iliyopasuka palepale.

Baada ya kuingiza nyumbani

Mkeka usiuoshe kwa maji mengi; ufute kwa kitambaa chenye unyevu, uuanike kivulini, uukunje kwa kuuviringisha na si kwa kuukatisha katikati. Kofia ifuliwe kwa mkono, ikaushwe ikiwa imevalishwa bakuli lenye ukubwa wa kichwa. Chungu kipya kipikie maji na machicha ya nazi siku moja kabla ya kukitia mchuzi.

Kitanda cha kamba hulegea baada ya wiki chache za kwanza. Hilo si kasoro, ni kamba kuzoea uzito. Kubaliana na fundi tangu mwanzo kwamba kuja kuikaza kumo ndani ya bei. Wetu alikuja baada ya mwezi na siku kumi, pamoja na mwanawe na kigingi cha mti. Wakaanzia upande wa miguuni, kijana akivuta, baba akigonga, wakamaliza kabla ya adhuhuri.